Msaada: redio ya valvu ya kilo 44 kutoka Coventry mpaka Tanga, niisafirishe vipi bila kufilisika?

kijana_wa_chumbageni

Wakuu salaam. Nina jambo langu naomba msinicheke. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Coventry Uingereza, na anaujua huu ugonjwa wangu wa redio za zamani. Juzi kanitumia picha, kuna familia inauza vitu vya mzee wao aliyefariki, nikakuza picha kwenye simu nikaona maandishi Racal RA17. Nzima, na kabati lake la chuma. Sijalala siku mbili. Bei tumeshaelewana na hela imeshatoka kwa hiyo msiniambie niachane nayo, hapo tumeshapita.

Kwa wasioijua, hii ni risiva (redio ya kupokea tu) ya valvu 23, zile kama balbu za kioo zilizokuwepo kabla ya transista, zilianza kutoka mwaka 1957, mwaka ule ule ilioanza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Ile mashine Waingereza waliyokuwa wanaitumia kuwasikiliza Warusi ndiyo hii. Skeli yake sio mshale kwenye kioo kama redio ya sebuleni, ni mkanda wa filamu kabisa, filamu ya milimita 35 kama ya sinema, ukizungusha nobu namba zinapita nyuma ya dirisha.

Sasa shida ni uzito. Yenyewe ni kilo 30, ukiivalisha kabati lake inafika 44. Shemeji na mwanae waliibeba mpaka sebuleni, imeshaacha alama kwenye zulia, na mke wake ameshaanza kuuliza inaondoka lini. Nimeulizia bei ya kurier ya mlango kwa mlango nikakata simu mwenyewe. Wengine wananiambia nisubiri mtu anayekuja likizo Desemba aje nayo kama begi. Shemeji yeye anasema niache woga, ataizungushia ile plastiki ya mapovu, boksi kubwa, solotepu nyingi, anaandika FRAGILE kila upande, basi. Yeye ni mtu wa ghala huko kazini kwake, anasema vitu vinasafiri hivyo kila siku.

Naomba ushauri kwa aliyewahi, sio kwa anayedhani.

---

fundi_valvu_ilala

Mkuu mwambie shemeji asiguse solotepu mpaka asome hapa.

Mimi nilileta radiogramu (redio na santuri kwenye kabati moja) ya Grundig kutoka Moshi kwenye buti la basi, miaka kama kumi imepita. Mteja aliifunga vizuri tu kwa macho, blanketi mbili, boksi, kamba ya katani. Ilipofika stendi nikasikia kitu kinabingirika ndani kama jiwe kwenye debe. Transfoma ilikuwa imeng'oka kwenye chasisi, bolti nne zote zimebaki na vipande vya bati, ikatembea humo ndani njia nzima ikaponda spika, ikaponda valvu ya mwisho, na ile glasi ya majina ya stesheni ikawa unga. Nje boksi halina hata mkwaruzo. Konda ananiambia mzee mzigo wako huu hapa mzima, weka sahihi.

Ndio maana nasema kinachovunja redio ni uzito wake wenyewe, mapigo ya nje ni kisingizio tu. Boksi likianguka sentimita 30 likasimama ghafla, redio bado inataka kuendelea, na ndani ya redio transfoma nayo inataka kuendelea kuliko redio. Plastiki ya mapovu kwa kilo 44 inapasuka yote dakika ya kwanza, halafu inabaki nailoni tupu. Vile vipande vidogo vya povu vya kujazia ndio uongo mkubwa zaidi, kitu kizito kinazama polepole kwa mtikisiko wa gari mpaka kinakaa sakafuni, na povu lote lipo juu linamwangalia.

Sponji ya godoro pia hapana, laini mno. Kule wana ule ubao mgumu wa povu wanaoweka kwenye kuta za nyumba kuzuia baridi, unauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, huo ndio. Unene wa sentimita 5, mbili mbili, kila upande, chini ongeza. Redio iwe imebanwa kiasi kwamba ukitikisa kreti haichezi hata milimita.

---

mtu_wa_analogi_amekwisha

Kaka kuna kidude cha SDR, redio inayoendeshwa na kompyuta, kina ukubwa wa flashi, unachomeka kwenye laptop unapata masafa yote hayo na zaidi. Kinakuja kwenye bahasha. Natania lakini sio sana.

---

kijana_wa_chumbageni

@mtu_wa_analogi ninacho hicho, ndio kilichonifanya nitamani hiki. Endelea na safari yako.

@fundi umenitisha lakini asante. Je nitoe valvu zote 23?

---

mswahili_wa_leicester

Hodi humu. Niko huku mwaka wa 14 na nimeshatuma nyumbani kila kitu mpaka mashine ya kushona ya chuma, nikupe hesabu maana hapo ndipo watu wanaibiwa.

Chukua redio yako na kabati, ni kama 52 kwa 30 kwa 56. Ongeza sentimita kumi kila upande za povu na ubao, unapata kreti ya 72 kwa 50 kwa 76. Zidisha, ni kama 0.27 cbm, yaani mita za ujazo. Kreti likiwa na mbao na kila kitu tuseme kilo 60.

Kwa ndege wanaangalia vitu viwili, kilo halisi, na kilo za ukubwa, yaani urefu mara upana mara kimo gawanya kwa 6000, wa kurier wengi wanagawanya kwa 5000 ili wapate zaidi. Ya kwako inatoka 46 au 55. Wanachukua kubwa kati ya hizo na kilo halisi, kwa hiyo utalipia 60 kwa bei ya ndege. Lia tu.

Kwa meli mambo yanageuka. Meli tani moja wanaihesabu sawa na cbm moja, wanachukua iliyo kubwa. Wewe una tani 0.06 na cbm 0.27, kwa hiyo unalipia 0.27, uzito hawaujali kabisa!! Chuma kizito kidogo ndio mzigo wa meli haswa, anayeumia kwa meli ni mwenye kutuma mito na mabeseni. Ila angalia kitu kimoja, kampuni nyingi za mizigo zina kima cha chini cha cbm moja, utalipia moja hata ukipeleka kiberiti. Ndio maana sisi huku tunaenda kwa watu wanaochangisha kontena, wale wa mapipa na maboksi, wao wanakutoza kwa kipande. Au jaza hiyo cbm yako na vitu vya familia, shemeji hakosi cha kutuma kwa mama.

Ya begi la abiria sahau. Viwanja vya ndege kipande kimoja hakizidi kilo 32, na posta ya hapa ya vifurushi mwisho ni 30. Redio bila kabati ni 30 tayari, bado hujaifunga.

Halafu kuna jambo la ajabu ambalo watu hawaamini. Mzigo wa hatari kuliko yote ni ule wa kilo 25 mpaka 30, maana mtu mmoja anaweza kuubeba kwa shida, na anayebeba kwa shida anautua kwa kuuachia. Wa kilo 60 juu ya paleti hakuna mtu anayejaribu, wanaita mashine. Kwa hiyo usihangaike kuipunguza uzito, usitenganishe na kabati, iongezee. Ibane kwenye paleti na mkanda wa chuma, iwe pana chini, nzito, mbaya, isiyobebeka. Uzito ndio ulinzi wake.

Shemeji yako si umesema ni wa ghala? Ghala gani lisilo na paleti na foroklifti? Muulize.

---

kijana_wa_chumbageni

Nimempigia sasa hivi. Kacheka mpaka kakohoa. Yeye NDIYE dereva wa foroklifti. Anasema "si ungesema ni mzigo wa paleti, mimi nilijua ni redio".

---

sauti_ya_5H

Hahaha shemeji kapatikana.

Kuhusu valvu, RA17 nyingi ni zile ndogo za miguu saba na tisa, zimevaa kofia za chuma zinazoshika, ziache humo humo, ukizitoa utavunja miguu na utachanganya nafasi. Redio zenye valvu kubwa zisizo na kofia ndio unatoa, unaandika namba ya nafasi kwenye karatasi unaiviringishia valvu yenyewe. Na kwa wengine watakaosoma uzi huu siku zijazo, kama mna transmita za zamani zenye valvu za zebaki kama 866, hizo kwa ndege ni mzigo wa hatari, zitolewe na zitangazwe.

Uso wa mbele usiguse chochote. Nobu zikibeba uzito shafti inapinda, na shafti iliyopinda ya ile nobu ya kilohezi utaililia maisha. Shemeji akate plaiwudi yenye tundu kubwa katikati, ikae kwenye kingo za uso tu, nobu na dirisha la filamu viwe ndani ya tundu vinapumua. Kabla ya yote avalishe redio mfuko mzito wa nailoni ili makombo ya povu yasiingie ndani, na silika jeli nyingi humo, vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kontena likivuka ikweta linatokwa jasho kweli kweli. Plastiki ya mapovu isilale moja kwa moja kwenye rangi, joto linaichapa ile miduara kwenye rangi haitoki tena.

Halafu KARATASI. Hapa ndipo wengi wanajifunga kamba wenyewe. Huko kwenye minada watu wanapenda kuandika "military communication equipment" ili bei ipande. Ukiacha maneno hayo kwenye invoisi, forodha wakisoma "military" na "communication" umeshakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kueleza maisha yako. Iandikwe kilichopo kweli, redio ya kupokea tu, iliyotumika, ya miaka ya 50, haina transmita, na bei halisi uliyolipa pamoja na uthibitisho wa malipo. Sio kudanganya bei, wanayo njia yao ya kukadiria na wakikukamata unalipa zaidi. VAT 18% ipo, ushuru upo, pangia bajeti mapema. Na usiandike antiki, kwenye forodha antiki ni kitu kilichopita miaka 100, hii bado kijana.

Mimi leseni ninayo ya redio ya ridhaa, nimeshapitisha mitambo miwili, sijawahi kupata shida yoyote pale ambapo karatasi na kitu vinafanana.

---

kibokoni72

Ndugu yangu wa Tanga, miye niko Mombasa, nakuonya kabla hujapata akili ya mkato. Najua utaangalia ramani uone Mombasa ni karibu kuliko Dar, useme naishusha Kilindini halafu naivusha Horohoro jioni nipo nyumbani. Usithubutu. Itakuwa mzigo wa kupita nchi, bondi (dhamana ya forodha), karatasi za Kenya kisha karatasi za Tanzania, utalipa mawakala wawili kwa redio moja. Binamu yangu alifanya hivyo na jenereta, alikaa Lungalunga akazoeana na mbuzi wa pale.

Ishushie Dar moja kwa moja.

Na la pili, kreti lipigwe skrubu lisipigwe misumari. Mkaguzi akitaka kufungua, penye misumari ataleta mtaimbo, na mtaimbo hauna adabu. Penye skrubu anafungua kiungwana na anafunga. Bandika bisibisi ya kufungulia pembeni kwa tepu, wallahi nimeona inasaidia.

---

mswahili_wa_leicester

Hapo kwa kibokoni sina la kuongeza. Isipokuwa mbao zenyewe. Mbao mbichi haziruhusiwi kusafiri hovyo kwa sababu ya wadudu, lazima ziwe zimepigwa moto na zina muhuri wa HT, paleti nzuri zote zinao ubavuni. Plaiwudi haihitaji muhuri maana imeshapikwa kiwandani. Kwa hiyo kreti lote plaiwudi, pembe pia ziwe vipande vya plaiwudi, paleti yenye muhuri, hakuna wa kukuuliza.

Bima, soma maandishi madogo. Nyingi zinakataa kitu kilichotumika au kilichofungwa na mwenyewe. Mimi huwa nachukua ya kupotea kwa mzigo mzima tu, kuvunjika najilinda kwa plaiwudi. Shemeji apige picha kila hatua, na video ya redio ikiwaka kabla ya kufungwa.

---

fundi_valvu_ilala

Asiiwashe!!! Samahani kwa kelele. Kama haijawaka miaka, asichomeke kuona kama inaimba. Kapasita za karatasi za humo zimeshavuja, ataunguza transfoma sebuleni na hapo utakuwa umesafirisha kilo 44 za majuto. Ije ilivyo. Ikifika unaanza na balbu ya wati 100 mfululizo na waya wa umeme, balbu ikiwaka sana na haififii kuna shoti, ikiwaka kidogo ikafifia endelea.

---

mswahili_wa_leicester

Nimesahihishwa. Picha bila video.

---

kijana_wa_chumbageni

Sawa wakuu. Shemeji kapima, anatengeneza kreti Jumamosi kazini baada ya zamu, kapewa paleti bure. Swali la mwisho, Dar mpaka Tanga? Fundi kashanitoa kwenye mabasi.

---

fundi_valvu_ilala

Kirikuu ya kukodi Dar–Tanga kilomita kama 350 utalipa kwenda na kurudi. Fanya hivi, wewe uko Tanga, Muheza hapo jirani kuna Fuso za machungwa zinaleta Dar kila siku msimu ukiwa umechanganya, zinarudi tupu. Ongea na dereva huko huko kwenu, mjuane, akibeba kreti lako anarudi na hela ya mafuta ambayo hakuitegemea. Lifungwe nyuma ya kichwa cha gari, sio mwisho wa bodi, mwisho wa bodi ndio panaporuka kwenye matuta.

---

kijana_wa_chumbageni (miezi minne baadaye)

Wakuu nimerudi, sikuwatupa, nilikuwa nasubiri niwe na cha kusema.

Imefika. Kontena la kuchangia lilichelewa wiki tatu kujaa kabla hata halijaondoka, hilo mtu asikudanganye, ratiba yao ni kontena likijaa. Shemeji alifuata kila kitu mlichoandika na akaongeza vyake, chini ya kreti kaacha nafasi ya meno ya foroklifti pande zote nne na ubavuni kachora kwa rangi kwamba uzito umeelemea upande gani, ulipo transfoma. Anasema anajua madereva wenzake, maneno hawasomi, mchoro wanauona.

Bandarini Dar walilifungua. Wakala alinipigia kuwa mkaguzi anataka kujua ni nini, nikamtumia picha na invoisi, akauliza inarusha mawimbi au inapokea tu, nikasema inapokea tu, akafunga. Bisibisi ya @kibokoni72 waliitumia kweli na hawakuirudisha, na skrubu nane za kifuniko zimerudi tano. Nimelipa ushuru wangu na ada ya kukaa siku mbili zilizozidi kwa sababu wakala alikuwa msibani. Jumla yote na kodi ni chini ya nusu ya ile bei ya kurier niliyokatia simu.

Fuso nilipata, kijana wa Muheza, tumelipana vizuri, ila aliposhusha hapa Chumbageni hakuna foroklifti bwana. Tuliteremsha watu sita kwa mbao mbili za kutelezesha na kamba, jirani mmoja akauliza kama ni mwili. Kilo 60 ambazo zililindwa na uzito wake safari nzima, mita tatu za mwisho ndio zilinitoa jasho.

Ndani haikucheza hata kidogo. Ile plaiwudi ya mbele yenye tundu imekaa pale pale ilipowekwa, nobu zote nzima, kioo cha filamu kizima. Valvu moja tu ilikuwa imeinuka kwenye soketi yake ndani ya kofia, nimeirudisha kwa kidole. Nimebadilisha kapasita 11 mpaka sasa, jana usiku nikaweka balbu ya wati 100 mfululizo, ikawaka, ikafifia, na taa za nyuma ya filamu zikaja taratibu, rangi kama ya chai ya maziwa. Nikazungusha namba zikaanza kutembea. Bado ni kelele tupu, hatua ya mwisho ya sauti inanguruma, ila mke wangu alikuja mlangoni akasimama akaangalia zile namba zinapita akasema "kumbe ndio hii". Hakusema zaidi.

---

fundi_valvu_ilala

Muungurumo wa hatua ya mwisho angalia kapasita ya kwanza ya elektrolaiti kwenye pawa saplai, na kapasita ya kuunganisha gridi ya valvu ya sauti. Hongera sana mkuu. Hiyo plaiwudi hujaitupa lakini? Nina redio ya Eddystone ya mteja inakwenda Mwanza.

---

kijana_wa_chumbageni

Umechelewa. Kuku wamehamia.